Musawo, Nipige Sindano: Kweli na Uongo Kuhusu Dawa na Madhara Yake

Kampala kila mtu ni nusu daktari. Panda bodaboda kutoka Wandegeya hadi Kikuubo huku unakohoa, na kabla hujashuka dereva atakuwa ameshakutajia antibiotiki, idadi ya vidonge na duka lisilodai cheti. Ukilazwa wodini mambo hayabadiliki sana. Mgonjwa ana yake anayoyaamini, ndugu wanaomuuguza wana yao, na muuguzi, ambaye wote wanamwita musawo, naye ana yale aliyoyarithi kwa waliomtangulia zamu. Mengine ni kweli, mengine uongo mtupu, na mengine yalianza yakiwa kweli yakapotoka njiani. Tuanze na lile linalopendwa kuliko yote.

"Sindano ina nguvu kuliko kidonge"

Uongo, tena uongo uliolemaza watoto.

Imani hii haikuota yenyewe. Enzi za ukoloni buba ilikuwa ikila ngozi na mifupa ya watu, na sindano ndiyo iliyowaponya mbele ya macho ya kijiji kizima. Ikaja penisilini, nayo ikawa ya kudungwa. Aliyeona kidonda cha miaka kikikauka baada ya kuchomwa sindano hakuhitaji mhadhara. Mtafiti Harriet Birungi, aliyeandika mwaka 1998 kuhusu sindano nchini Uganda, alieleza jinsi familia zilivyokuwa zikiweka mabomba yao ya sindano nyumbani wakati hofu ya UKIMWI imetanda. Sindano yenyewe waliendelea kuipenda. Walichokikataa ni bomba la mtu mwingine.

Mwili lakini haujui heshima hiyo. Dawa ikishaingia kwenye damu haikumbuki ilipitia mlango gani. Kama tumbo linaipokea vizuri, kidonge kinatosha. Sindano ina wenyewe: anayetapika kila anachomeza, aliyepoteza fahamu, na dawa kama gentamaisini ambazo tumbo halizifyonzi.

Gharama ya kung'ang'ania sindano ilionekana kwa kwinini. Ni dawa yenye tindikali, na ikidungwa kwenye msuli inauchoma. Ikidungwa kwenye tako la mtoto mdogo, ambako nyama ni nyembamba, inaweza kuifikia neva kubwa ya siatiki inayoshuka hadi mguuni. Homa inaondoka, lakini mtoto anaposimama unyayo umelegea, vidole vinaburuta chini. Mwaka 1999 madaktari Naddumba na Ndoboli wa hospitali ya Mulago waliandika juu ya watoto wa namna hiyo katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki. Upande wa Teso, wilayani Kumi, likaonekana jingine: sindano za kwinini zilizorudiwarudiwa ziliacha makovu magumu ndani ya misuli ya matako, hata mtoto akawa hawezi kuchuchumaa bila kuyatanua magoti. Katika nchi ambako choo cha shule ni cha shimo, fikiria mwenyewe maana yake. Dawa ya ulemavu huo ni kisu cha daktari wa upasuaji, kuyakata makovu.

Ndiyo maana muuguzi aliyefunzwa vizuri, akilazimika kumdunga mtoto mdogo kwenye msuli, anakwenda kwenye paja, mbele kwa upande wa nje, na tako analiacha. Mama akisema "musawo, kwetu wanapiga huku," jibu ni hapana.

Kuna malaria ambayo sindano ndiyo haki yake, ile kali ya degedege na kupoteza fahamu. Hapo siku hizi tunatumia artesuneti. Utafiti uliotangazwa mwaka 2010, wa watoto 5425 katika nchi kadhaa za Afrika, Uganda ikiwemo, ulionyesha kwamba iliwaokoa wengi kuliko kwinini. Vifo vilipungua kwa zaidi ya moja ya tano, na Shirika la Afya Duniani, WHO, likabadili mwongozo mwaka 2011. Lakini nayo inadai mkono makini. Kichupa cha miligramu 60 ni unga. Unachanganywa na mililita 1 ya bikaboneti, unatikiswa mpaka uwe mwangavu, kisha kwa sindano ya mshipa zinaongezwa mililita 5 za maji ya chumvi, na itumike ndani ya saa moja. Kumwekea mgonjwa wa jioni nusu kichupa ni ubahili wa hatari. Na madhara yake mojawapo hukawia: wiki moja hadi nne baadaye, mtoto ameshasahau kama aliugua, chembe nyekundu za damu zinaweza kuanza kupasuka. Mama anayeruhusiwa kwenda nyumbani aambiwe kwamba mtoto akilegea, akipauka, au mkojo ukiwa mweusi kama kahawa, arudi siku hiyohiyo. Maneno hayo machache mlangoni ni sehemu ya dozi.

"Dawa mseto inywe na chakula chenye mafuta"

Kweli, na wengi hawaambiwi. Lumefantrini, moja ya dawa mbili zilizomo kwenye Coartem, dawa mseto ya malaria, inahitaji mafuta ili ifyonzwe. Mchuzi wa karanga, parachichi, au kikombe cha maziwa vinatosha. Na dozi ya pili ni baada ya saa 8, hata kama saa 8 zinaangukia usiku wa manane. Zinazofuata ndizo za asubuhi na jioni.

"Kwinini huziba masikio"

Kweli, masikio huvuma na kuziba, na mgonjwa hulalamika sana. Lakini lile asiloweza kulalamikia ndilo baya zaidi: kwinini hushusha sukari ya damu, hasa kwa mjamzito na mtoto. Anatoka jasho, anachanganyikiwa, anazimia, na ndugu wanasema malaria imepanda kichwani. Tone moja la damu kwenye kipimo cha sukari linamaliza ubishi.

"Muuguzi anatoa dawa tu, madhara ni kazi ya daktari"

Uongo. Daktari anaandika na kuondoka; anayekaa na mgonjwa saa 3 usiku ni muuguzi. Nenda kwenye wodi ya wazazi yenye mama mwenye kifafa cha mimba. Dawa yake ni magnesiamu salfeti, na ni nzuri kweli, ila nafasi kati ya kumtuliza mama na kumsimamisha pumzi si kubwa. Ampuli zinazotumika sana ni za asilimia 50, kali mno kuingizwa kwenye mshipa zilivyo. Kwa gramu 4 za kuanzia muuguzi anavuta mililita 8, anaongeza maji ya sindano mililita 12, anapata mililita 20 za asilimia 20, na anaziingiza polepole kwa dakika zisizopungua 5. Kisha gramu 5 kila tako. (Ndiyo, hapa sindano ya tako ni halali, na inauma vibaya, ndiyo maana inachanganywa na lignokeini.)

Hesabu hiyo ni nusu tu ya kazi. Kabla ya kila dozi inayofuata, baada ya saa 4, kuna mambo matatu ya kutazama. Je, anapumua angalau mara 16 kwa dakika? Je, goti linarusha teke likigongwa kwa kinyundo au ukingo wa kiganja? Je, mkojo wa saa 4 zilizopita umefika walau mililita 30 kwa saa? Goti likinyamaza, dozi inasubiri, hata kama chati imeandikwa na profesa. Pumzi zikizidi kupungua, kalsiamu glukoneti inapaswa kuwa tayari mezani. Ikiwa bado imefungiwa kwenye kabati la duka la dawa la hospitali, imechelewa.

Wanafunzi wa uuguzi hukariri mambo matano: mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, kipimo ndicho, njia ndiyo, wakati ndio. Ni mazuri, na mtihani huyapenda. Goti halimo kwenye orodha hiyo. Ukiyatimiza yote matano kwa usahihi bado unaweza kumpoteza mama, kwa sababu kumpa mtu dawa na kumwangalia baada ya kumpa ni kazi mbili, na ya pili haina mtu mwingine wa kuifanya.

"Mitishamba haina madhara, ni ya asili"

Uongo. Hata kwinini ilitoka kwenye magome ya mti.

Wajawazito wengi wa Buganda wanatumia emmumbwa, udongo uliofinyangwa na majani, na wengi hawapati shida yoyote. Wasiwasi wangu ni wakati wa uchungu. Watafiti Kamatenesi-Mugisha na Oryem-Origa, mwaka 2007, waliorodhesha mimea inayotumika kuanzisha uchungu magharibi mwa Uganda, na kati yake imo inayolibana tumbo la uzazi kwelikweli. Sasa mama amekunywa mchuzi wa bibi alfajiri, anafika hospitali saa nne, uchungu hauendi inavyotakiwa, anawekewa dripu ya oksitosini. Nguvu mbili juu ya tumbo moja, linaweza kupasuka.

Kama hakuna aliyejua, hakuna aliyemuuliza vizuri. Swali likija kwa sauti ya polisi, "umekunywa dawa za kienyeji wewe?", jibu ni hapana siku zote. Wakunga wakongwe huuliza hivi: "Mama yako alikupa nini cha kukusaidia kabla hamjaondoka nyumbani?"

"Panadol haimdhuru mtu"

Uongo. Mtu mzima akivuka gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, anacheza na ini lake. Na parasetamoli imejificha kwenye dawa nyingi za mafua, hivyo mtu anaweza kuzidisha huku akiapa kwamba amekunywa Panadol mbili tu.

"Shingo ikipinda na macho yakipanda juu, ni mapepo, au ni uti wa mgongo"

Si lazima. Wauguzi wa Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, wanaitambua hali hii wakiwa mlangoni: mgonjwa aliyepewa haloperidoli anakakamaa shingo, ulimi unatoka, macho yanaganda juu. Inatisha kuliko inavyodhuru, na benzhexoli huilegeza. Lakini mtu huyohuyo akiwa nyumbani ataombewa kwanza.

Kati ya Desemba 2014 na Agosti 2015, ng'ambo ya mpaka, kaskazini mashariki mwa Kongo, watu 1029 walipatwa na hali hiyo. Karibu nusu walikuwa watoto chini ya miaka 5. Mwanzoni walidhaniwa kuwa na homa ya uti wa mgongo, ambalo ni wazo la busara eneo lile, na wakatibiwa hivyo. Haikuwa hiyo. Mkojo wa wagonjwa na vidonge walivyokuwa wakinywa vilipopimwa, vidonge vilivyoandikwa diazepamu vilikutwa na haloperidoli ndani. Watu 11 walikufa. WHO ilitoa tahadhari kwa nchi za ukanda huo mwaka 2015.

Mimi kisa hiki hakiniachi kwa sababu ya lile swali ambalo kwa miezi halikupewa uzito: amekunywa nini wiki hii, na kopo liko wapi? Daktari wa magonjwa ya kuambukiza anatafuta mdudu. Mchungaji anatafuta pepo. Muuguzi anayeshika faili la dawa ndiye mwenye sababu ya kutafuta kidonge.

"Dawa iliyopitishwa na wakubwa wa dunia haina jipya la kutuonyesha"

Uongo, na aliyeuonyesha uongo wake ni Kampala.

Mwaka 2018 Uganda ilianza kuwahamishia watu wanaoishi na VVU kwenye dolutegravir. Dawa ilikuwa imejaribiwa Ulaya na Marekani, ikasifiwa, na sifa ilizistahili. Virusi vinashuka haraka, na maudhi ni madogo kuliko ya dawa za zamani; waliotumia stavudini miaka ya 2000 wanakumbuka mashavu yalivyobonyea na nyayo zilivyowaka moto usiku. Lakini katika Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Chuo Kikuu cha Makerere, IDI, kukaanza kuonekana watu waliokuwa wakiendelea vizuri na dawa, ghafla wanakonda, wana kiu isiyoisha, wanakojoa usiku kucha. Sukari ikipimwa, iko juu vibaya.

Mohammed Lamorde na wenzake wakahesabu. Kati ya wagonjwa 3417 waliohamishiwa dolutegravir, 16 walipatwa na sukari ya juu. Kati ya 3230 waliokuwa kwenye dawa nyingine, alikuwa 1. Waliyatangaza hayo mwaka 2020, na dunia ikasikia. Dawa haikuondolewa, na haikustahili kuondolewa kwa watu 16. Kilichobadilika ni uangalizi: walio katika hatari ya kisukari wakaanza kupimwa sukari na kufuatiliwa.

Tazama dalili zenyewe sasa. Kukonda, kiu, mkojo. Hakuna hata moja inayohitaji mashine kubwa. Katika kliniki za VVU anayemsimamisha mgonjwa kwenye mizani na kumuuliza amelalaje ni muuguzi, na kilo tatu zilizopotea huandikwa kwa mkono wake kabla daktari hajavuta kiti. Majaribio ya Ulaya hayakuwa ya uongo. Yalifanywa kwa watu wengine, wenye miili, vyakula na magonjwa mengine. Kila dawa mpya inayoingia Uganda inajaribiwa upya, tupende tusipende, na mashahidi ni walioko wodini.

"Usiripoti mpaka uwe na uhakika kwamba ni dawa"

Uongo. Shaka inatosha. Uganda ilijiunga na mpango wa WHO wa kufuatilia madhara ya dawa mwaka 2007, na kituo chake kiko ndani ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA. Ripoti zikifika pale husafirishwa hadi Uppsala, Sweden, kwenye hazina ya ripoti za dunia nzima. Uhakika hutengenezwa kule, ripoti nyingi zenye shaka zikifanana. Ukisubiri uhakika ndipo uandike, umekata mti uliotaka matunda yake.

Mpango huo ulianzishwa mwaka 1968, baada ya msiba wa thalidomaidi, dawa ya kutuliza kichefuchefu iliyozalisha watoto wasio na mikono wala miguu. Inasimuliwa kwamba Sydney, Australia, aliyekuwa wa kwanza kuishuku ni mkunga wa hospitali, Sista Pat Sparrow. Jina lililobaki vitabuni ni la daktari aliyeiandikia barua *The Lancet* mwaka 1961.

Ronald Kiguba wa Makerere na wenzake waliwahi kuwauliza wahudumu wa afya wa Uganda kuhusu jambo hili, na matokeo yao ya mwaka 2014 hayashangazi mtu wa wodini: walioshuku madhara walikuwa wengi kuliko walioripoti.

"Ukiandika, unajitia kitanzi"

Hili ni nusu kweli, na wanaolikana kabisa hawajawahi kufanya zamu ya usiku peke yao kwenye wodi iliyojaa hadi sakafuni.

Fomu ya NDA haimtafuti mkosaji. Inauliza dawa, tarehe, kilichotokea, na mgonjwa aliishiaje. Lakini wodi ina wakubwa wake. Mgonjwa akivimba uso baada ya sindano, swali la kwanza huwa "nani alidunga?", na la pili, "ilikuwa sindano gani?", huja kesho yake. Ampuli mbili zinazofanana kama mapacha zimewekwa droo moja, na anayeitwa ofisini ni aliyechoka akachukua isiyo yake, si aliyezipanga. Mwaka 2017 WHO ilianzisha kampeni ya dunia ya dawa bila madhara, na hoja yake kubwa ilikuwa hiyohiyo: rekebisha droo kabla hujamwandikia mtu barua. Mahali ambapo hoja hiyo haijafika, hofu ya muuguzi ni akili timamu.

Hata hivyo kutoandika nako kuna bei, na Mulago inaijua. Kati ya 1997 na 1999 ulifanyika pale utafiti wa nevirapine, HIVNET 012: kidonge kimoja kwa mama uchungu ukianza, na dawa ya maji kidogo kwa mtoto ndani ya saa 72. Maambukizi ya VVU kwa watoto yalipungua kwa karibu nusu yakilinganishwa na ya waliopewa dawa ya AZT kwa muda mfupi. Ilikuwa habari njema ya mwaka, kwa dawa ya bei ndogo ambayo mama maskini angeweza kuipata. Kisha wakaja wakaguzi. Makaratasi yalikuwa na mapengo, hasa katika kuandika madhara. Mwaka 2002 kampuni iliyoitengeneza, Boehringer Ingelheim, ikaondoa ombi lake la idhini kwa mamlaka ya dawa ya Marekani. Desemba 2004 magazeti ya huko yakalipuka. Huku Afrika wapo waliopata kisingizio cha kusema dawa ni sumu. Aprili 2005 jopo la wanasayansi la Marekani likamaliza kupitia kila kitu na kusema matokeo ni ya kuaminika. Dawa ilikuwa imefanya kazi yake tangu mwanzo. Kelele za miaka mitatu zilitoka kwenye nafasi zilizoachwa wazi katika fomu.

"Mgonjwa hawezi kuripoti mwenyewe"

Uongo. NDA hupokea ripoti kutoka kwa yeyote, na tangu 2020 kuna programu ya simu iitwayo Med Safety ambayo mgonjwa, mama yake au jirani anaweza kuitumia. Anachotakiwa kuwa nacho ni jina la dawa, siku aliyoanza kuitumia, siku tatizo lilipoanza, na vingine vyote alivyokuwa akinywa, mitishamba ikiwemo. Kimoja husahaulika karibu kila mara: namba ya toleo, iliyopigwa kwa herufi ndogo ubavuni mwa boksi. Duka likikuuzia vidonge vilivyomwagwa kwenye bahasha ya kaki, waombe wakuonyeshe boksi na uipige picha. Na boksi unalopewa, usiwape watoto walichezee mpaka dozi iishe.